Hotuba kwa Mafundi wa Kuchomelea



Agoni yatosha kuchomelea aluminiamu nyembamba. Lakini aluminiamu nene na shaba nyekundu hupoteza joto upesi. Hapo hutumika mtungi wenye heliamu 75 na agoni 25 kwa mia. Volti za moto wa TIG hupanda, na madini huyeyuka kwa kina. Heliamu ni nyepesi kuliko hewa, basi fungulia gesi zaidi.

Sasa jambo kubwa. Gesi hizi hazina harufu, nazo hufukuza hewa. Agoni hujaa chini ya tangi, heliamu hujaa juu. Fundi huanguka bila onyo. Asiingie mtu tangini pasipo feni ya hewa, kipimo cha oksijeni na mlinzi mlangoni. Tudai hayo kwa mwajiri kabla ya kazi, si baada ya maziko.