Zabibu Zetu na Zabibu za Wengine: Mafundisho kutoka Nchi Zisemazo Kihispania

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Dodoma)



Ndugu wapendwa, viongozi wa parokia, wa vigango na wa jumuiya ndogo ndogo,

Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya nchi zisemazo Kihispania: ziko wapi, ardhi yake ikoje, na watu wake wanaishi kwa uchumi gani. Huenda baadhi yenu mmejiuliza moyoni, "Sisi wa Dodoma na Wahispania, wapi na wapi?" Swali hilo ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu kabla ya kuendelea.

Jibu la kwanza limo katika sahani zetu. Mahindi tunayosonga ugali yalianza kulimwa na watu wa Meksiko miaka elfu kadhaa kabla ya Kristo. Karanga tunazounga katika mboga asili yake ni Bolivia na kaskazini ya Argentina. Nyanya na pilipili nazo zilitoka huko huko Amerika. Mabaharia na wafanyabiashara, Wareno wakiwa wa kwanza, waliyavusha mazao hayo bahari kuu, nayo yakafika pwani zetu na hatimaye bara. Jibu la pili limo katika mashamba yetu ya mizabibu, na hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

1. Nchi hizo ni zipi?

Nchi huru ambazo Kihispania ni lugha yake kuu au rasmi ni 20. Moja iko Ulaya, nayo ni Hispania yenyewe. Kumi na nane ziko Amerika: Meksiko, Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua, Kostarika, Panama, Kuba, Jamhuri ya Dominika, Kolombia, Venezuela, Ekwado, Peru, Bolivia, Chile, Argentina, Uruguay na Paraguay. Moja iko hapa Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake tarehe 12 Oktoba 1968. Watu karibu milioni 500 wamezaliwa katika lugha hiyo.

Nchi hizo hazilingani hata kidogo. Argentina ni kubwa karibu mara tatu ya Tanzania. El Salvador ni karibu nusu tu ya mkoa wetu wa Dodoma. Milima ya Andes inaanzia Venezuela na kushuka upande wa magharibi wa bara hilo hadi kusini kabisa mwa Chile na Argentina. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Aconcagua, kina meta 6,961, wakati Kilimanjaro yetu ina meta 5,895.

Uchumi wake nao ni wa namna nyingi. Chile huongoza dunia kwa kuchimba shaba. Kolombia husifika kwa kahawa, Ekwado kwa ndizi. Argentina huuza nafaka, soya na nyama ya ng'ombe. Meksiko ina viwanda vikubwa vya magari na ina mafuta. Venezuela ina akiba ya mafuta kubwa kuliko nchi yoyote iliyopimwa, hata hivyo katika miaka hii ya karibuni mamilioni ya watu wake wameihama kwa dhiki. Mfano huo wa mwisho utufanye tukae macho. Kuwa na mali chini ya ardhi ni jambo moja. Wananchi kushiba kutokana na mali hiyo ni jambo jingine.

2. Nyanda mbili kavu zinazofanana na yetu

Katikati ya Hispania kuna uwanda wa juu uitwao Meseta, ulioinuka meta 600 hadi 700 kutoka usawa wa bahari. Wetu umeinuka zaidi: mji wa Dodoma uko kiasi cha meta 1,100. Meseta ni nchi ya jua kali na mvua chache. Mwaka 1561 Mfalme Filipo wa Pili aliihamishia serikali yake Madrid, katikati ya uwanda huo. Nasi mwaka 1973 tuliamua makao makuu ya nchi yawe Dodoma, na serikali ikahamia kwa nguvu kuanzia mwaka 2016. Kusini mwa Madrid kuna sehemu iitwayo La Mancha. Hapo mizabibu imetanda mpaka jicho linachoka. Hispania ina zaidi ya hekta 900,000 za mizabibu, eneo kubwa kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na karibu nusu yake iko katika jimbo hilo la La Mancha.

Uwanda wa pili uko Argentina, chini ya Andes, katika mkoa wa Mendoza. Mvua huko ni kama milimita 200 tu kwa mwaka. Sisi tunaolalamika tunapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Hata hivyo Mendoza hutoa zaidi ya theluthi mbili ya mvinyo wote wa Argentina. Siri yake ni maji ya theluji iyeyukayo milimani. Wenyeji wa asili, Wahuarpe, walikuwa wakiyaongoza kwa mifereji kabla Wahispania hawajafika. Mwaka 1884 mkoa huo ulitunga sheria ya maji: haki ya maji ikafungwa pamoja na shamba, na watumiaji wa mfereji mmoja wakapewa haki ya kumchagua msimamizi wao. Reli kutoka Buenos Aires ilipofika mwaka 1885, zabibu zikapata soko.

Na sisi? Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari katika miaka ya 1950, na misheni ya Bihawana inakumbukwa kuwa kitalu chake. Ndivyo ilivyokuwa hata katika Amerika ya Wahispania: mapadre walipanda mizabibu kwa ajili ya divai ya Misa, na wakulima wakaendeleza. Leo zabibu zinalimwa Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Mbabala, Chinangali na kwingineko. Tena Mungu ametujalia jambo ambalo La Mancha na Mendoza hawana: wao huvuna mara moja kwa mwaka, sisi twaweza kuvuna mara mbili.

3. Basi kwa nini mkulima wetu bado analia?

Msimu mmoja tulimtembelea mzee mmoja katika kigango. Alikuwa amevuna tangu alfajiri, amejaza kreti zake na kuziweka kivulini. Mnunuzi aliyemwahidi kuja siku hiyo hakuja. Siku ya pili alileta habari kwamba matangi yake yamejaa. Siku ya tatu alifika, akataja bei iliyo pungufu ya nusu ya ile waliyopatana. Yule mzee alitutazama, akasema, "Baba Paroko, zabibu ni kama maziwa, hazimngoji mtu." Akauza. Tuliondoka pale tukiwa hatuna neno la kumwambia, na aibu ile ndiyo iliyotusukuma kuyatafuta haya tunayowaeleza leo.

Ndugu zangu, yule mzee hakukosa bidii, wala ardhi yake haikukosa rutuba. Alikosa mahali pa kuweka zabibu zake zisiharibike, na alikosa mwenzake wa kusimama naye wakati wa kutaja bei. Asiye na ghala na asiye na mwenzake hana sauti sokoni. Hilo ndilo neno moja tunalotaka mwende nalo nyumbani.

4. Mafundisho kutoka kwa wenzetu

La kwanza: tusindike, na tuuze kwa jina letu. Wakulima wa La Mancha waliunda vyama vya ushirika vyenye viwanda vyao vya mvinyo. Katika mji wa Tomelloso upo ushirika mmoja mkubwa ulioanzishwa mwaka 1961 na kupewa jina la Bikira Maria wa Mizabibu. Zabibu haziozi mlangoni mwa mtu, kwa kuwa kiwanda ni cha wakulima wenyewe. Lakini tuseme ukweli wote. Hispania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa wingi wa mvinyo unaouzwa nje, ila sehemu kubwa huuzwa kwa bei ya chini ndani ya matangi, na wengine huutia katika chupa zao na kupata faida. Ufaransa huuza nje mvinyo pungufu na kupata fedha zaidi ya mara mbili. Hapa kwetu wapo waliokwisha kuanza kukamua na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya zabibu mbichi. Hiyo ni hatua njema, lakini ni hatua ya kwanza tu. Mbele yake kuna zabibu kavu, kuna sharubati, na kuna chupa yenye jina la Dodoma.

La pili: ushirika unaosimamiwa na wanachama. Twajua kwamba neno ushirika limetuachia kovu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katikati na baadaye wengi walipoteza imani, maana viongozi wengine walikula jasho la wanachama. Lakini tutazame kaskazini mwa Hispania, katika mji wa Mondragón. Padre José María Arizmendiarrieta alifika huko mwaka 1941 akakuta umaskini uliotokana na vita. Mwaka 1943 alianzisha shule ya ufundi. Mwaka 1956 vijana watano aliowalea walianzisha kiwanda kidogo, na mwaka 1959 wakawa na benki yao. Kila mwanachama ana kura moja, awe mkurugenzi au fundi. Leo ushirika huo una wafanyakazi makumi ya elfu. Nao si malaika: mwaka 2013 kiwanda chao kikubwa cha vyombo vya nyumbani kilifilisika. Lakini vyama vingine vya ushirika huo viliwapokea wengi wa waliopoteza kazi. Angalieni mfuatano huo: shule ilitangulia, kiwanda kikafuata. Miaka 13 ilitumika kuwafundisha watu kabla ya kuwakabidhi mali.

La tatu: mwenyeji asikilizwe. Kongwa iko hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mpango mkubwa wa kulima karanga, zao lile lile la Bolivia na Argentina. Mashine zililetwa, mapori yakafyekwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikatumika. Mvua haikutosha, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mgogo aliyeishi na ardhi ile angeweza kuwaeleza tabia yake, kama angeulizwa. Leo wakulima wadogo wa Dodoma wanalima karanga na kuvuna. Ardhi ni ile ile. Mwenye kuamua ndiye aliyebadilika.

5. Maonyo mawili

Huko Bolivia, kwenye kimo cha meta 4,000 hivi, upo mji wa Potosí. Mwaka 1545 palionekana fedha katika mlima wake, nyingi mno hata ikaitajirisha Ulaya. Vijiji vya Andes vililazimishwa kwa zamu kutoa wanaume wa kwenda machimboni, na wengi hawakurudi. Wazee wetu waliosimulia njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua mifugo, nafaka na wapagazi Ugogo, wangeielewa habari hiyo bila mkalimani. Leo Potosí ni kati ya sehemu maskini za Bolivia. Utajiri ulipita pale, haukukaa.

Onyo la pili ni la Waafrika wenzetu wa Guinea ya Ikweta. Tangu miaka ya 1990 mafuta yaliifanya nchi hiyo ndogo kuhesabiwa, kwa wastani wa pato la kila mtu, kati ya nchi tajiri za Afrika. Lakini wastani haunywi maji. Familia nyingi ziliendelea kukosa maji safi wakati mali ikikusanyika mikononi mwa wachache. Kwa hiyo tusidhani kwamba dhuluma lazima ije na mgeni.

6. Tufanye nini?

Mnaikumbuka habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Shamba lake la mizabibu lilikuwa kando ya jumba la mfalme, na mfalme akalitamani. Mji wetu unapanuka, na mashamba mengi ya mizabibu sasa yako kando ya nyumba za wakubwa. Yatupasa kila familia ijue mipaka yake, iwe na hati au cheti chake, na mjane asiuziwe shamba lake katika kikao asichoitwa.

Tunapendekeza kila kamati ifanye mambo matatu kabla ya mavuno yajayo: iandike orodha ya wakulima wa zabibu katika kigango chake na kiasi wanachotarajia kuvuna, iwahimize wakubaliane bei ya chini ambayo hakuna atakayeuza chini yake, na iombe kusomewa hesabu za chama cha ushirika cha msingi, kama kipo, mbele ya wanachama wote.

Papa Leo wa Kumi na Tatu alifundisha mwaka 1891 kwamba mapatano ambayo mmoja anakubali kwa sababu ya njaa hayawi ya haki kwa kuwa tu yamekubaliwa. Yule mzee wa kreti alikubali. Msimu ujao asikubali akiwa peke yake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kigango chetu, nani hupanga bei ya zabibu, na kwa nini yeye?
2. Ushirika wetu ulianguka au unalegea kwa sababu gani? Sisi wenyewe tulichangia nini?
3. Ni familia ipi kati yetu iliyo katika hatari ya kupoteza shamba, na nani atakwenda kuiona wiki hii?

Mungu awabariki.