Usiongeze Sauti, Geuza Antena



Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwa ng'ombe ni kweli. Kwa redio si kweli hata kidogo. Redio huzuiwa na kelele, hasa ile inayosikiliza masafa ya chini: masafa ya kati yaliyoandikwa MW au AM usoni mwa redio zetu, na yale ya mita 160 ambayo waendesha redio wa ridhaa hutumia usiku kuongea na wenzao wa mbali.

Wiki hii tuzungumzie namna ya kupunguza kelele hizo kwa antena yenye mwelekeo. Nitautumia mji wa Tabora kama mfano, kwa sababu mji ule umekaa mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi.

Msikilizaji wa Tabora anasumbuliwa na kelele za aina mbili. Ya kwanza ni ya jirani. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, kontrola za sola, mota za mashine za kusaga, na waya uliolegea juu ya nguzo ya umeme, vyote hivyo hutoa mikwaruzo. Watu wengi wamezitupa redio nzima wakidhani zimekufa, kumbe mbaya ni chaja iliyo ukutani. Kipimo chake ni rahisi. Chukua redio ya betri, kisha zima swichi kubwa ya nyumba. Kelele ikinyamaza, adui yumo ndani mwako. Washa tena kifaa kimoja kimoja mpaka umkamate.

Kelele ya pili inatoka mbali, nayo ni radi. Kila radi ikipiga hutoa wimbi la redio, na masafa ya chini hulibeba wimbi hilo mamia ya kilometa, usiku zaidi kuliko mchana. Sasa tazameni ramani. Utafiti wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, karibu na Ziwa Kivu mashariki ya Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Hesabu ya Kabare ni radi 205 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Kutoka Tabora hadi huko ni kiasi cha kilometa 500, upande wa magharibi na kaskazini kidogo.

Kwa nini jambo hili si mchezo wa mafundi tu? Kwa sababu miezi ya radi ndiyo miezi ya mvua, na miezi ya mvua ndiyo inayokata njia. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliharibu reli ya kati na barabara nyingi. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko ya Kilosa yaliikata tena reli hiyo, na treni za Tabora na Kigoma zikasimama. Wakati kama huo, mitambo ya simu nayo ikizimika, redio ya masafa ya chini inaweza kuwa njia iliyobaki ya kupata habari. Lakini ni wakati huo huo ndipo kelele za radi zinapokuwa kali kabisa.

Wengi wetu tunafanya nini kelele zikizidi? Tunaongeza sauti. Au tunatafuta waya mrefu zaidi na kuupandisha juu ya mwembe. Waya ule unaleta sauti zaidi, na kelele zaidi kwa kiasi kile kile. Katika masafa ya chini, kelele zinazotoka nje huwa kubwa kuliko zile za redio yenyewe. Kwa hiyo nguvu ya sauti peke yake haisaidii. Kinachotakiwa ni tofauti kati ya kituo na kelele. Antena ndogo inayoleta sauti hafifu lakini safi ina faida kuliko ile kubwa inayoleta kila kitu.

Tuanze na antena ambayo karibu kila mwenye redio ya MW anayo bila kujua. Ndani ya redio hiyo mna kijiti cheusi cha feraiti, kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho ndicho antena ya masafa ya kati. Ile ya chuma inayovutwa juu ni ya FM na masafa mafupi. Kijiti kile husikia vizuri kwa ubavu, na ni kiziwi kwenye ncha zake mbili. Wazee wetu walilijua hili bila darasa: Radio Tanzania Dar es Salaam ilipofifia, waliigeuza redio juu ya meza mpaka msomaji wa habari akarudi.

Lakini ipo hatua moja zaidi. Badala ya kutafuta mahali kituo kinaposikika sana, tafuta mahali kelele inapokufa. Upande wa kusikia ni mpana, na upande wa ukiziwi ni mwembamba, kama ncha ya sindano. Ndiyo maana marubani wa zamani waliokuwa wakitafuta uwanja kwa antena ya kitanzi walisikiliza pale mlio unapopotea, si pale unapovuma. Elekeza ncha ya kijiti kwenye nyumba yenye kelele, na mara nyingi kituo chako kitabaki.

Ukitaka zaidi, tengeneza kitanzi. Pishanisha mbao mbili kama msalaba upate mraba wenye upande wa mita 1. Zungusha waya wenye ganda mara tisa au kumi, kisha unganisha kapasita ya kugeuza iliyotolewa kwenye redio mbovu. Weka redio karibu na kitanzi. Hakuna haja ya kuiunganisha kwa waya. Kitanzi ni kiziwi upande wa uso wake, na husikia upande wa ukingo. Kwa kelele ya jirani, hiyo ni dawa ya kutosha.

Kwa radi za Kongo haitoshi. Kitanzi husikia mbele na nyuma sawasawa. Ukikielekeza Dar es Salaam, ambako ni mashariki na kusini kidogo, umekielekeza Kongo pia. Hapa inatakiwa antena yenye sikio upande mmoja tu.

Antena hiyo ipo, na ina zaidi ya miaka 100. Mhandisi Mmarekani, Harold Beverage, alipata hataza yake mwaka 1921. Desemba ya mwaka huo huo chama cha redio ya ridhaa cha Marekani kilimtuma Paul Godley kwenda Ardrossan, pwani ya Scotland. Alitandaza waya wa karibu mita 400 juu ya nguzo fupi, akawanasa wenzake waliokuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Sasa kumbukeni njia ya misafara. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ambayo wasafiri wa miaka ya 1850 waliiita Kazeh, ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Reli nayo ikafuata mkondo ule ule: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tandaza waya wako kwa mstari huo, mita 160 au zaidi, juu kiasi cha mita 3 ili usimnase mwendesha baiskeli. Weka redio mwisho wa upande wa Ujiji. Mwisho wa upande wa Bagamoyo, unganisha waya na rezista ya kama omu 450, kisha na chuma kilichopigiliwa ardhini. Redio nayo iwe na chuma chake ardhini. Wimbi la kutoka pwani litakimbia na waya likikusanya nguvu hadi kwenye redio. Lile la radi za Kongo litakimbia kinyume, na sehemu kubwa yake itamezwa na rezista. Tena ardhi kavu ya mchanga, ambayo ni duni kwa antena za kurushia, inaufaa sana waya huu. Unyamwezi haina upungufu wa ardhi hiyo, wala wa miti ya kuushikilia waya.

Mwenye kiwanja cha mjini asikate tamaa. Mwaka 1997 mwendesha redio wa Marekani mwenye ishara K9AY alieleza kitanzi chenye rezista kinachotumia waya wa mita 26 na nguzo moja ya mita 7 na nusu. Nacho kina sikio upande mmoja, na mwelekeo wake hubadilishwa kwa swichi.

Tahadhari mbili. Usipitishe waya wowote chini au juu ya nyaya za umeme. Na radi ikikaribia, chomoa antena, uitoe nje ya nyumba. Anayetaka kurusha, si kusikiliza tu, akaombe leseni ya redio ya ridhaa TCRA; akipewa, ishara yake ya Tanzania itaanza na 5H.

Kazi hii ifanyike kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Njia zikishakatika, hakuna atakayepata nafasi ya kutafuta rezista. Na kwa usiku wa leo, kabla hujaongeza sauti, igeuze redio yako taratibu, uone kelele zinatoka upande gani.

Kwaherini mpaka wiki ijayo.