Ajali Isiyoandikwa
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Machakos

Twajua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku kule Athi River na hamjalala, na wengine mmetoka katika machimbo ya mawe na vumbi lingali kichwani. Kwa hiyo hatutasema mengi. Jambo letu leo ni moja: mtu akiumia kazini, ajali iandikwe siku ile ile.

Tuanze na habari ya ndugu yetu mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja. Alikuwa kijana wa Mwala, kibarua katika kiwanda cha chuma. Mashine ikamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mnyapara akamfunga kitambaa, akampeleka hospitali, akampa nauli ya kurudi kwao na kumwambia, "Nenda upumzike, ukipona njoo tutakupa kazi nyepesi." Kijana akashukuru. Sisi tuliokuwa zamu ile tukamchangia unga na sukari, kisha tukarudi kwenye mashine. Hakuna hata mmoja aliyeuliza daftari la ajali.

Alipopona akaenda langoni, akaambiwa jina lake halimo katika orodha. Alipofika kwetu ofisini, miezi kumi na minne ilikuwa imekwisha. Tuliandika barua, tukaenda ofisi ya leba, tukatafuta mashahidi. Wawili walikuwa wameacha kazi na wa tatu aliogopa. Kijana yule hakupata hata senti moja. Ndugu, tusifichane: mwajiri alikosa, lakini na sisi tulikosa.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inampa mtu aliyeumia miezi kumi na miwili tu ya kupeleka madai yake. Ikipita, madai hayasikilizwi, isipokuwa kama ajali yenyewe ilikuwa imeripotiwa. Mmesikia neno hilo? Karatasi moja tu ingalimwokoa kijana wetu. Sheria hiyo hiyo inasema aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena alipwe fidia ya mshahara wa miezi 96, na aliyepoteza kiungo alipwe sehemu yake kwa kadiri ya ulemavu. Na mtu asidanganywe kwamba kibarua hahusiki. Ukifanya kazi ya kiwanda chenyewe kwa mshahara, umo ndani ya sheria.

Wengine husema, "Nitakwenda kwa wakili, anishtakie kortini." Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua kwamba sheria hii ni halali. Kwa hiyo madai ya fidia hupelekwa kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Huko wataanza kwa kuuliza: ajali iliripotiwa lini?

Lakini fidia hairudishi kidole. Afadhali kuzuia ajali kuliko kudai malipo yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inasema kila mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Inasema pia mwajiri asikate mshahara wa mtu kwa ajili ya vifaa vya kumlinda. Kama unakatwa pesa za glavu na buti, leta karatasi ya mshahara ofisini. Ukiona hatari kubwa, mwarifu msimamizi mara moja, wala hawezi kukulazimisha kurudi penye hatari kabla haijaondolewa. Tena ni marufuku kumfukuza mtu kwa sababu ya kulalamikia usalama au kuwa mjumbe wa kamati.

Twajua mtasema, "Sheria ni nzuri, lakini langoni kuna watu mia wanaongoja kazi yangu." Ni kweli. Ndiyo sababu mtu asiende peke yake.

Wazee wetu hapa Machakos walituonyesha njia 1938. Serikali ya wakoloni ilikuwa ikichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kilikuwa kikingoja ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu na wenzake hawakwenda mmoja mmoja kumlilia D.C. Waliandika malalamiko yao, kisha watu kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Basi na sisi tufanye kazi hii kama mwethya: leo shamba la huyu, kesho la yule, na hapana anayeachwa.

Kwa hiyo, ndugu, tunaomba mfanye haya:

1. Mtu akiumia, hata kidogo, mwambieni mwakilishi wenu siku hiyo hiyo. Ajali iandikwe katika daftari, nayo habari ipelekwe kwa mwajiri kwa maandishi, nakala ibaki kwenu.

2. Watu wawili walioona waandike majina yao na saa ya ajali. Mwenye simu apige picha ya mashine.

3. Aliyeumia atunze kila karatasi ya hospitali.

4. Kila kiwanda kisicho na kamati ya usalama, wanachama wake watuletee habari kabla ya mwisho wa mwezi. Tutaandika barua sisi, kwa jina la chama, asionekane mtu mmoja.

Kijana wa Mwala sasa anachunga mbuzi wa mjomba wake. Alipotuaga alitupa mkono wa kushoto. Hatutaki kupewa mkono wa namna hiyo tena.

Umoja ni nguvu.