Mrija Unaporudi Nyumbani
Mgonjwa wa saratani anaporuhusiwa kwenda nyumbani na mrija uliopita mshipani hadi karibu na moyo, karatasi ya maelekezo haimtoshi. Anayemuuguza aoneshwe, kisha naye afanye mbele ya muuguzi: kunawa mikono, kusugua kizibo kwa spiriti, kuusafisha mrija kwa maji ya chumvi ya hospitali. Tena isiwe siku ya kuondoka, akili ikiwa tayari kwenye basi la Kigoma. Bandeji ya plastiki inayofunika mahali mrija unapoingia mwilini hubadilishwa kila siku 7, ya shashi kila siku 2. Ikilowa, papo hapo. Huko kijijini nani ataibadilisha? Zahanati ipigiwe simu kabla mgonjwa hajafunga mizigo. Na homa ikifika nyuzi 38, asimeze dawa ya maumivu akalala. Aende hospitali usiku huohuo.