Mbaazi, Mboga za Uani na Kiporo: Kumlisha Mtoto kwa Vilivyoko Nyumbani

Wewe uliye jikoni ukisonga ugali, wewe uliye shambani na redio yako ndogo, na wewe uliye dukani ukingojea wateja, nakuomba ukae nami kwa dakika hizi chache. Leo tutazungumza juu ya chakula. Sizungumzii chakula cha hoteli wala cha harusi. Nazungumzia kile cha kila siku, kinachopikwa wakati mfukoni hamna kitu na watoto wanauliza, "Mama, leo tunakula nini?"

Nianze na jambo nililoliona kazini. Mama mmoja alileta mtoto wake kliniki, hapa kwetu Kilifi, mtoto wa miezi 11. Hakuwa na homa, hakuharisha, hakukohoa. Lakini nilipofungua kitabu cha mama na mtoto na kutazama mchoro wa uzito, nikaona ule mstari umelala tangu alipokuwa na miezi 7. Nikampima mkono kwa utepe, ukasoma rangi ya njano. Wasikilizaji, njano maana yake ni kwamba mkono uko chini ya sentimita 12.5, na mtoto ameanza kudhoofika. Ukishuka chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hapo ni hatari kubwa.

Nikamuuliza anakula nini. Akaniambia uji wa mahindi asubuhi, uji mchana, na usiku ugali uliolainishwa kwa mchuzi. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, wa kunywa kama chai. Wiki iliyofuata nilipita karibu na kwao, nikaingia kumjulia hali. Nikakuta kuku uani, mbaazi zimekauka kwenye miti, mpapai una matunda mawili yanayoiva, na mboga ya boga imetambaa mpaka nyuma ya choo. Nikajiuliza, huyu mtoto anadhoofikaje katika boma hili?

Jibu ni kwamba mayai yalikuwa yakiuzwa. Mbaazi nazo ziliuzwa kwa debe. Pesa zikirudi, nyingine zililipa karo, nyingine zilinunua mkate mweupe, majarini na ile juisi ya unga ya pakiti. Yaani chakula chenye nguvu kinatoka langoni asubuhi, na chakula chepesi kinaingia jioni, tena kwa bei ya juu zaidi. Mama hakuwa mvivu wala mjinga. Aliniambia wazi, "Sista, mayai yale ndiyo daftari na kalamu za wakubwa wake." Nami sikuwa na neno la kumjibu hapo, kwa sababu ni kweli.

Kwa hivyo sikumwambia aache kuuza. Nilimwomba mayai matatu kwa wiki yasitoke nyumbani, yawe ya huyu mdogo, na kibaba kimoja cha mbaazi kila wiki kibaki. Mavyaa wake aliyekuwa ameketi kivulini akatia neno: mtoto akila mayai atachelewa kusema. Maneno haya nimeyasikia sana, na nataka niyajibu hapa redioni kwa heshima zote kwa wazee wetu. Yai halimcheleweshi mtoto kusema. Yai lina protini ya kujenga mwili na mafuta mazuri kwa ubongo unaokua. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa yai, mradi limeiva kabisa, kiini na ute vyote viwe vigumu. Bibi yule alinitazama tu. Lakini baadaye nilisikia yeye ndiye aliyekuwa akimpondea mtoto yai.

Sasa tuingie jikoni.

Mbaazi kwanza, kwa sababu wengi wetu tunazo. Wanaolalamika juu ya mbaazi, kunde na maharagwe husema yanamaliza kuni, na wana haki. Kwa hivyo loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia mengine. Chemsha kwa moto mkali mpaka yatokote kwa dakika 20 hivi. Kisha tumia jiko kikapu. Jiko hili hulinunui. Chukua kikapu kikubwa au katoni, tandika ndani matambara, nyasi kavu au nguo kuukuu mpaka liwe kama kiota. Toa sufuria motoni ikiwa bado inatokota, na mfuniko wake juu, iweke mle ndani, ufunike kwa mto au blanketi. Iache saa tatu au nne bila kufungua. Joto lile lile litaendelea kupika huku wewe uko shambani au kisimani, na hakuna kuni inayowaka. Ukirudi, irudishe motoni itokote tena, kaanga kitunguu na nyanya, tia nazi kama unayo. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ndani yake, kwa hivyo hayo yasiingie kikapuni kabla hayajatokota barabara. Moto wa polepole peke yake hauitoi.

Mbaazi zikipikwa pamoja na mahindi, ile pure ambayo wenzetu wa bara wanaiita githeri, kila kimoja humkamilisha mwenzake. Kinachopungua katika protini ya mahindi kiko kwenye mbaazi, na kinachopungua kwenye mbaazi kiko kwenye mahindi. Babu zetu hawakusoma lishe, lakini walilijua chungu lao.

Kwa mtoto mdogo, toa mbaazi zilizoiva, ponda kwa mwiko au kwenye kinu kisafi, tia kijiko cha mafuta au tui zito, changanya na ugali laini au boga lililochemshwa. Kiwe kizito. Ukiinua kijiko, chakula kibaki kijikoni, kisimwagike kama maji. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji halina nafasi ya chakula. Anapotimiza miezi 6 anza na vijiko vikubwa viwili au vitatu kila mlo, mara mbili au tatu kwa siku, huku ukiendelea kumnyonyesha. Ongeza polepole mpaka nusu kikombe. Akitimiza mwaka mmoja ale robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara tatu au nne. Na kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe.

Dagaa nao, au omena kama wanavyoita ziwani, si chakula cha kudharau. Waoshe, wakaushe vizuri, wakaange bila mafuta, wasage. Kijiko kimoja cha unga ule ndani ya mboga au uji wa mtoto kinafanya kazi kubwa. Mifupa yao midogo inaliwa, na ndiyo yenye kalisi.

Tuje kwenye mboga. Mchicha, mnavu, mchunga, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga. Nasikitika ninapoona mtu anakanyaga mchicha uliojiotea mlangoni akienda kununua kabichi sokoni. Sina ugomvi na kabichi, lakini majani yale ya kijani kibichi yana vitamini A na madini ya chuma kuliko kabichi. Kama huna shamba, hata nyumba ya kupanga inatosha gunia moja. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, katikati pandisha mawe madogo ili maji yapite mpaka chini, toboa matundu ubavuni, panda mchicha au sukuma wiki. Mwagilia maji uliyooshea mboga au mchele. Mchicha utauchuma baada ya wiki tatu au nne.

Katika kupika, tunaharibu mambo mawili. La kwanza, tunakatakata mboga kisha ndipo tunaziosha, na vitamini zinaondoka na maji. Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa muda mfupi. Kisamvu ndicho hakifuati sheria hii: kitwange sana na kipike mpaka kiive kabisa, kwa sababu kibichi kina sumu. La pili ni magadi. Najua yanalainisha kunde upesi na kuifanya mboga ing'ae, lakini yanaua vitamini. Ukiloweka vizuri na ukawa na kikapu chako, huyahitaji. Mnavu ukikuchachia kwa uchungu, uchanganye na mchicha, au utie maziwa.

Na jamani, chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, tafadhali, chai ingoje saa moja au mbili baada ya mlo. Badala yake kamulia ndimu kwenye mboga, au kula kipande cha papai au embe. Hayo yanasaidia chuma kuingia mwilini.

Sasa kiporo. Hapa nitasema pole pole, kwa sababu mimi mwenyewe niliteleza. Siku moja nilitoka kazini usiku nimechoka, nikapika wali wa nazi mwingi ili wa asubuhi usinisumbue. Nikaufunika, nikauacha juu ya meza. Asubuhi nikaupasha, mwanangu akala akaenda shule. Kabla ya saa nne wakanipigia simu: mtoto anatapika, tumbo linamsokota. Mimi muuguzi! Nilimnywesha maji ya chumvi-sukari ya pakiti, jioni akapata nafuu, lakini aibu ile sijaisahau.

Wali una viini ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto letu la pwani, viini huota na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata ukiupasha mpaka ufuke moshi. Kanuni ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Najua wengi wetu hatuna friji. Basi wali upike wa kumalizika, na chochote chenye tui kisilale. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kiporo cha usiku hata kidogo, wala cha aina gani.

Je, tutupe chakula? La. Badilisha saa tu. Pika chungu kikubwa cha mbaazi au maharagwe mchana badala ya usiku, bila kutia nazi. Kabla ya mtu yeyote kuchovya mkono, gawa nusu katika sufuria safi yenye mfuniko, ichemshe, iingize kikapuni ikiwa inatokota. Jioni itakuwa bado ya moto. Ichemshe tena, na sasa iunge kwa namna nyingine: isage iwe supu ya watoto, au changanya na majani ya maboga, au kata ndani yake chapati za asubuhi. Watoto hawatajua kwamba ni mbaazi zile zile. Wangu hawajajua mpaka leo, labda wawe wanasikiliza.

Kuna kitu kimoja tu ambacho nakuomba ukitupe bila huruma, nacho ni mahindi au karanga zilizoota kuvu. Mwaka 2004 katika wilaya za ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki. Walikula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuosha hakuitoi sumu hiyo, kupika hakuitoi. Na usimpe kuku mahindi hayo wala usiyapikie pombe. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya ardhi, mpaka yakauke kabisa, na uyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Yule mtoto wa miezi 11, mama yake aliendelea kumleta kila mwezi. Mwezi wa kwanza mstari ulijikongoja. Mwezi wa pili ukapanda, na utepe ukasoma kijani. Mbaazi zilizouzwa zilipungua kwa kibaba kimoja tu kila wiki, na karo ililipwa, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Kabla sijaondoka, mama, baba, nyanya, yeyote unayelea mtoto: chakula cha nyumbani hakitoshi kwa mtoto aliyekwisha kudhoofika sana. Ukiona miguu yake imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, au amekataa kula kabisa, au ngozi inamlegea na mbavu zinahesabika, usingoje uji wa dagaa. Mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uje na kitabu chake. Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya kunywa.