Bunduki na Sheria: Je, Sheria Kali Huokoa Maisha?

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tutaweka kando malaria na chanjo, tuzungumze juu ya bunduki.

Najua mama fulani anaguna huko jikoni: "Bunduki ni ya polisi na majambazi, mimi na sufuria yangu inanihusu nini?" Inakuhusu, mama, kwa sababu anayepigwa risasi ni mwana wa mtu, na atakayekaa naye wodini akimgeuza kitandani ni wewe. Mwaka 1996 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba ukatili wa watu kwa watu ni jambo la afya ya umma. Kipindupindu kikiingia kijijini hatuishii kumtibu mgonjwa. Tunauliza maji aliyokunywa yalitoka wapi. Basi na kwa risasi tunauliza vivyo hivyo, bunduki ilitoka wapi, na nani aliyeiachilia.

Swali letu ni hili: je, sheria kali za bunduki hupunguza vifo? Watu hubishana sana juu yake. Wengine husema kila bunduki inayoondolewa ni kaburi moja lisilochimbwa. Wengine husema jambazi hasomi sheria, na mwenye nia ya kuua atatumia panga. Tusiwapuuze hawa wa pili.

Hapa Kenya sheria yetu si laini. Katiba haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka mwenye bunduki awe na cheti na sababu ya kutosha, na mlevi au asiye na akili timamu anyimwe. Desemba 2018 serikali iliwaita wenye leseni wote wakaguliwe upya. Shirika la utafiti liitwalo Small Arms Survey, la Uswisi, lilikadiria mwaka 2017 kwamba bunduki zilizo mikononi mwa raia wa Kenya ni kama 750,000, nyingi mno zikiwa hazina leseni. Hiyo ni bunduki moja au mbili kwa kila watu 100. Marekani ni bunduki 120 kwa watu 100. Mwaka 2021 Wamarekani zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Tangu 2020, kule, risasi imeua watoto na vijana wengi kuliko ajali za barabarani.

Lakini Marekani ni mbali. Tuangalie Afrika Kusini, ambako maisha yanafanana zaidi na yetu. Mwaka 2000 walitunga sheria mpya ya kudhibiti bunduki: mwombaji afanye mtihani, achunguzwe, na leseni ihuishwe kila baada ya muda. Watafiti walihesabu maiti katika vyumba vya kuhifadhia maiti vya miji mitano kuanzia 2001 hadi 2005, wakaona mauaji ya risasi yanashuka mwaka baada ya mwaka, tena kwa kasi kuliko mauaji ya visu na vitu vingine. Walikadiria kwamba watu zaidi ya 4,500 waliokoka katika miji hiyo. Jambazi hakusoma sheria, ni kweli. Lakini bunduki ya jambazi mara nyingi ilianza kuwa ya mtu mwenye leseni, ikaibiwa au ikauzwa. Ukipunguza zile za halali zinazozagaa, unapunguza na zile za kuibwa.

Sasa sikiliza upande wa pili wa habari hiyo hiyo. Baadaye usimamizi ulilegea, na vifo vya risasi vikaanza kupanda tena. Kanali mmoja wa polisi, Christiaan Prinsloo, aliyekabidhiwa bunduki zilizorudishwa ili ziharibiwe, aliziuza. Alihukumiwa mwaka 2016. Bunduki zaidi ya 2,000 zilikuwa zimefika kwa magenge ya Cape Town, na watoto wakafa kwa hizo. Sheria ilikuwa nzuri, mlinzi wa ghala akawa ndiye mlango. Ndiyo maana mimi hufurahi nikiona Kenya ikichoma silaha hadharani, kama zile 5,250 zilizochomwa Ngong mwaka 2016 na zile 5,144 za mwaka 2021. Chuma kilichoyeyuka hakiuziki.

Tukirudi kwetu Kisumu, hapa ndipo ubishi unakuwa mgumu. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Katika Nyanza, wengi wa waliokufa waliuawa kwa risasi, na bunduki hizo hazikuwa za raia wala za magendo. Zilikuwa za serikali. Watu wa Kondele, Manyatta na Nyalenda waliona risasi tena mwaka 2017, na tena katika maandamano ya 2023. Kwa hiyo mtu akiniambia leseni ya raia ingewaokoa wale vijana, nitamwambia hapana. Kwa mji wetu, sheria ya bunduki yenye uzito ni ile inayomhusu askari. Nayo ipo. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya 2011 inasema bunduki itumike tu pale ambapo njia nyingine hazitoshi, na kila kifo kinachotokana na kazi ya polisi kiripotiwe kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, IPOA. Maoni yangu ni kwamba sheria hiyo imeandikwa vizuri na haijafuatwa vizuri. Mama ambaye mtoto wake amepigwa risasi ana haki ya kupeleka malalamiko huko, na hahitaji wakili ili aanze.

Askari mwenyewe naye ana mke na watoto. Desemba 2021, Kabete huko Nairobi, askari alimpiga mkewe risasi, akaua na watu wengine, kisha akajiua. Haikuwa mara ya kwanza. Nchini Israeli jeshi liliona askari vijana wengi wanajiua wikendi wakiwa nyumbani na bunduki za kazi. Mwaka 2006 likaamuru bunduki ibaki kambini. Kujiua kukapungua kama asilimia 40, na siku za kazi hakukuongezeka. Hawa hawakutafuta njia nyingine. Hili ni jambo ambalo wengi hawaliamini, lakini sisi wa hospitali tunalijua: hamu ya kufa mara nyingi ni ya saa chache, na tisa kati ya kumi wanaonusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Tofauti ni kile kilichokuwa karibu na mkono wakati ule. Bunduki haitoi nafasi ya pili.

Kwa hiyo wewe mke wa askari, ama wa mlinzi wa benki, ama wa mwenye bastola ya leseni: mkigombana nyumbani, akianza kunywa kupita kiasi, akikosa usingizi na kusema afadhali afe, usinyamaze. Mwambie mkubwa wake kazini kwamba mume wangu ni mgonjwa, bunduki ibaki ghalani. Hujamsaliti. Huko Kanada anayeomba leseni hutakiwa kumjulisha mwenzake wa ndoa, na mwenzake husikilizwa. Ningependa kuona jambo hilo hapa.

Na nyumba isiyo na bunduki? Huku kwetu, kinacholala chini ya kitanda mara nyingi ni dawa ya shamba. Hapa mfano mzuri ni Sri Lanka, ambako serikali ilipiga marufuku dawa za wadudu zilizo kali zaidi, na vifo vya kujiua vikashuka kwa asilimia 70 hivi. Wakulima waliendelea kuvuna. Wewe huna bunge, lakini una kufuli. Dawa ikae ndani ya sanduku lililofungwa, ufunguo kwako, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Kijana akizungumza juu ya kufa, kaa naye, msikilize, mlete kituoni. Wengine waliogopa kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Njoo bila hofu.

Neno kuhusu watoto. Baada ya maandamano, watoto wetu huokota maganda ya risasi na mikebe ya gesi ya kutoa machozi wakachezea. Mkebe ambao haukulipuka unaweza kumkata mtoto vidole. Mfundishe aone, asiguse, akuite. Na siku ya vurugu mlaze sakafuni, mbali na dirisha na ukuta wa mabati, maana bati halizuii risasi.

Mtu akipigwa risasi, kwanza hakikisha mahali pametulia, usije ukawa wa pili. Chukua leso safi, ikunje, ibane juu ya kidonda kwa nguvu za mikono yako yote miwili. Ikilowa usiitoe, ongeza nyingine juu yake. Usichokonoe risasi. Usipake mafuta ya taa, majani ya chai wala udongo. Usimpe maji wala uji hata akilia kwa kiu, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji. Kama amepigwa kifuani na anahema kwa shida, mwache aketi. Mfunike asipate baridi, mkimbizeni hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kwa watu wa mjini ni ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado mnaiita Russia.

Mkifika, msikubali kuambiwa mlete kwanza fomu ya P3. Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Fomu itajazwa baadaye. Na zile nguo zenye damu usizifue wala kuzitupa. Zianike zikauke, zitie ndani ya mfuko wa karatasi, uziweke hadi mchunguzi atakapozihitaji.