Mabungo, Kisu na Chungu

Yapo matunda ambayo hakuna aliyeyapanda, na bado kila msimu yanafika sokoni. Furu, zambarau za porini, ubuyu, ukwaju: yote tunayajua. Leo nachagua bungo, kwa sababu ndilo linalotendewa vibaya kuliko yote, msituni na jikoni pia.

Mbungo haujisimamii kama mwembe. Ni mmea wa kutambaa wenye shina gumu, unaopanda miti mingine ya misitu ya pwani, Bara na Visiwani. Wataalamu huuita Saba comorensis. Tunda likiiva huwa na rangi ya chungwa, na ndani mmejaa kokwa zilizofunikwa na nyama laini yenye ukali mtamu. Watoto hulipasua na kumumunya papo hapo, wala siwalaumu.

Jikoni, jambo la kwanza ni utomvu. Ganda hutoa maziwa meupe yanayonata kisuni na vidoleni, na maji matupu hayayatoi. Paka kisu na mikono mafuta ya kupikia kidogo kabla ya kukata. Kisha chota kokwa zote uzitie katika chungu au bakuli la udongo. Sufuria ya alumini haifai kulaza kitu kikali namna hii; ukali huila sufuria na juisi huchukua ladha ya bati.

Wapo wanaochemsha kokwa kidogo ili nyama iachie. Wapo wanaoloweka tu, kisha wakasugua kwa mkono au mwiko, wakachuja na kutia sukari. Mimi napenda ya kulowekwa, kwani harufu yake hubaki. Mwenye mashine ya kusagia aizungushe kwa kitambo kifupi tu, asije akasaga na kokwa. Ukitaka jamu, chukua nyama iliyochujwa na sukari kwa uzito ulio sawa, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi izito, kisha weka katika chupa iliyochemshwa.

Lakini juisi ya kulowekwa haipiti motoni, kwa hiyo usalama wake wote umo katika maji. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani, wauza juisi wa barabarani walitazamwa kwa jicho baya, na si bila sababu. Maji yachemshwe, yapoe, ndipo yatumike. Na barafu je? Barafu nayo ni maji! Wengi husahau hapo.

Tahadhari nyingine ni kwa wazazi. Mbungo ni wa ukoo mmoja na msunguti, mti ambao wawindaji wametumia sumu yake kwenye mishale. Mtoto asiambiwe kwamba kila tunda la porini lenye maziwa ni bungo. Aende na mtu anayeujua mmea wenyewe, jani na shina lake.

Sasa msituni. Mchoma mkaa akiangusha mti mkubwa, mbungo ulioupanda huanguka nao. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, jirani kabisa na Dar es Salaam, imeliwa sana na biashara hiyo. Mama anayeuza mabungo kwa fungu hana mashamba ya kukimbilia. Akikosa msitu amekosa mtaji. Nao wachumaji wenye haraka hukata mmea mzima ili wayafikie matunda ya juu. Huo ni wizi wa msimu ujao, nisemeje tena?

Nawe uliyebaki na kokwa kwenye chujio, usizitupe jalalani. Zifukie zikiwa bado mbichi karibu na mti mkubwa wa uani, mmea upate pa kupanda. Chukua zile za kulowekwa tu, maana zilizochemshwa hazioti.